Porsche 911 SC: asubuhi dipstiki kavu, jioni oili imepita alama. Niongeze au nipunguze?

KijanaWaLangata · Jumamosi, saa 2:40 asubuhi

Wakuu, heshima zenu. Swali la oili, na chupa iko mkononi.

Nimechukua 911 SC ya 1982 kutoka kwa mzee mmoja ambaye macho hayamruhusu tena kushika usukani. Alikuwa na dereva, na dereva ndiye aliyeangalia kila kitu: upepo wa magurudumu, maji ya waipa, oili. Injini inanguruma vizuri. Kitabu cha gari kipo, ila ni cha Kijerumani na mimi Kijerumani changu kinaishia kwa jina la gari.

Gari hulala chini ya turubai wiki nzima, natoka nayo wikendi. Jumamosi iliyopita nilichomoa dipstiki kabla ya kuwasha: kavu. Si kwamba ilikuwa chini ya alama, ni kavu kama kijiti cha kiberiti. Nikaendesha hadi Kiserian na kurudi, nikazima, nikangoja dakika tano kama tunavyopima gari zote, nikachomoa tena: oili imepita alama ya juu. Leo asubuhi tena, kavu.

Juu ya hayo, sindano ya kiwango cha oili kwenye dashibodi inalala kwa sufuri nikishika kasi Southern Bypass, halafu nikisimama kwa taa inaamka yenyewe. Na nikiwasha baada ya gari kulala siku kadhaa, inatoa moshi wa buluu kwa muda mfupi, halafu unaisha.

Mlinzi wa ploti ameshaamua kwamba gari "inakunywa". Jirani anasema niweke lita mbili. Niweke?

MtuWaProbox · saa 2:52

Buda, Probox yangu nikiona dipstiki ina unyevu wowote naendelea na safari. Weka lita mbili, piga stata, maisha yaendelee.

MGB_ya_Parklands · saa 3:05

Nina MGB ya 1971 na nimeitunza mwenyewe tangu niinunue. Oili hupimwa asubuhi, injini ikiwa baridi, gari ikiwa tambarare, oili yote ikiwa imeteremka chini. Hiyo ni sheria ya injini zote. Kama asubuhi ni kavu, basi ni kavu. Ile ya jioni ni oili iliyorukia dipstiki wakati wa safari. Ongeza lita moja sasa hivi kabla hujaua beringi, halafu tafuta inakovujia.

MamaSpana · saa 3:11

Kijana, weka hiyo chupa chini. Usifungue.

MGB, kwa heshima yako, unasema kweli kuhusu MGB. Hii si MGB.

Gari yako ina sampu, yaani beseni la oili, chini ya injini, na oili yote hulala humo. Dipstiki inaingia kwenye sampu, kwa hivyo ukipima asubuhi unaona oili yote. Injini ya 911 ya kupozwa kwa hewa haiweki oili chini yake. Inaiweka kwenye tangi la pembeni, kule nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia. Pampu ziko mbili kwenye mhimili mmoja. Ya kwanza inavuta oili kutoka kwa tangi na kuisukuma kwa beringi. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, inafyonza ile inayodondoka chini ya injini na kuirudisha kwa tangi. Dipstiki inapima tangi. Haipimi injini.

Gari ikilala, oili hupenya polepole kupitia pampu na kuteremkia ndani ya injini. Fikiria tangi la maji la juu ya paa na mfereji ambao washa yake imechoka: unalala usiku, asubuhi tangi ni tupu na karai limejaa. Maji hayajaenda popote, yamehama tu. Gari iliyolala wiki nzima inaweza kuwa imehamisha lita kadhaa, na dipstiki ikatoka kavu bila tone moja kuvuja nje.

Kwa hivyo ukisoma kavu asubuhi ukaongeza lita mbili, ukiwasha ile iliyohama inarudi, inakutana na zako mbili, na zote zinapanuka kwa joto. Tangi likikosa nafasi, oili inapita kwenye bomba la kupumua, na bomba hilo linaishia kwenye njia ya hewa ya injini. Hapo injini inaanza kuivuta na kuichoma, na wewe unaacha wingu la moshi nyuma yako hadi watu wa Lang'ata Road wanapiga simu ya zimamoto.

911 hupimwa injini ikiwa moto, INANGURUMA taratibu bila kukanyaga chochote, gari ikiwa tambarare. Masharti ni hayo matatu, na likikosekana moja unachosoma hakina maana.

Swali langu kwako: ile dipstiki ya jioni ilikuwa imepita alama kwa kiasi gani? Na dereva wa mzee alikuwa akipima saa ngapi?

KijanaWaLangata · saa 3:30

Asante Mama. Ilipita kwa upana wa kidole, labda zaidi. Na ilikuwa imezimwa. Kuhusu dereva nitauliza.

MGB_ya_Parklands · saa 3:34

Sijawahi kusikia gari inayopimwa oili ikiwa inanguruma. Mkono wako uko wapi wakati huo, karibu na feni?

MamaSpana · saa 3:41

Mkono uko upande wa kulia, kwenye shingo ya kujazia, na feni iko katikati. Lakini tahadhari yako ni ya kweli: hakuna tai, hakuna leso shingoni, mikono ya shati unakunja, nywele ndefu unafunga. Mkanda wa feni hauna huruma.

BabuSafari · saa 4:15 asubuhi

Vijana, mnanikumbusha mbali. Wakati wa Safari Rally, sisi watoto tulikuwa tukikaa kandokando ya barabara kusubiri magari. Mwaka 1971 Datsun 240Z ya Edgar Herrmann ilishinda, na 1973 Shekhar Mehta akashinda tena na 240Z. Porsche walikuja na 911 mara nyingi na hawakuwahi kushinda. Waldegård alimaliza wa pili 1974, nyuma ya Joginder Singh na Lancer yake. Mwaka 1978 kijana wetu Vic Preston Jr akamaliza wa pili na 911 SC, nyuma ya Peugeot 504 ya Nicolas. SC, Kijana! Hiyo hiyo yako.

Lakini nataka kusimulia kuhusu tangi. Kwenye modeli ya 1972 Porsche walihamisha tangi la oili na kulileta mbele ya gurudumu la nyuma la kulia, ili uzito uwe karibu na katikati ya gari. Kifuniko cha kujazia kikawa nje, ubavuni, baada tu ya mlango wa kulia. Mnaona balaa hilo? Gari inaingia petroli stesheni, mhudumu anaona kifuniko ubavuni, anafungua, anapiga petroli ndani ya tangi la oili. Mwaka uliofuata tangi lilirudishwa nyuma na kifuniko kikaondolewa. Ndiyo maana ukiona 911 yenye kifuniko cha ubavuni ujue ni ya 1972, na ukae mbali na bei yake.

PampuMsaRoad · saa 4:33

Mzee, sisi wa pampu tunabebeshwa lawama za dunia nzima. Mimi nafanya kazi petroli stesheni na naomba kusema kidogo.

Tunaambiwa tumuulize kila mteja, "Nikuangalilie oili na maji?" Mteja anasema ndiyo, anaendelea na simu. Injini imezimwa dakika moja iliyopita, oili bado iko juu kwa hedi, gari imesimama kwa simiti iliyoinama kuelekea mtaroni. Nachomoa, naona iko chini, namwonyesha, ananiambia weka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna gari za kupima zikinguruma. Na hata ningejua, kuna bango kubwa linasema ZIMA INJINI. Nifanyeje?

MamaSpana · saa 4:40

Kaka, wewe ndiye umesema jambo la maana kuliko sote leo. Simiti ya petroli stesheni huinamishwa makusudi ili maji na petroli iliyomwagika vifuate mtaro. Hapo si mahali pa kupimia oili ya gari yoyote. Na kwa 911 usijaribu kabisa, maana kuwasha injini penye mvuke wa petroli ni hatari yenyewe. Mwenye 911 akiulizwa swali lako ajibu "asante, nitaangalia nyumbani".

KijanaWaLangata · saa 4:58

Nimempigia mzee. Amecheka. Anasema dereva alikuwa mtu wa nidhamu sana: kila asubuhi kabla ya safari anachomoa dipstiki, anaona kavu, anaweka "kidogo". Kwa miaka. Na mzee anakumbuka gari ilikuwa ikitoa moshi mwingi, fundi akamwambia ni ringi za pistoni, akaombwa pesa za kufungua injini. Alikataa kwa sababu ilikuwa ghali.

MtuWaProbox · saa 5:02

Ubahili wa mzee umeokoa injini 😂

MamaSpana · saa 5:20

Basi tumeshampata mlevi wetu. Ni oili iliyojazwa kupita kiasi. Lakini usiamini maneno yangu, pima. Fanya hivi, bila haraka.

Endesha gari dakika ishirini au zaidi. Si foleni ya Mbagathi, endesha barabara inayofunguka. Unataka oili yenyewe iwe moto, zile digrii 80 hadi 90, si injini kupata tu uvuguvugu. Kuna thamostati inayofunguka oili ikifika takriban joto hilo, na ikifunguka ndipo oili inaanza kwenda hadi rejeta ya mbele, chini ya madigadi ya kulia. Kabla ya hapo kuna lita za oili zilizolala kwa mabomba marefu na kwa rejeta bila kuzunguka. Namna ya kuhakikisha: simama, inama, weka mgongo wa mkono KARIBU na mabomba yanayopita chini ya kizingiti cha mlango wa kulia. Usiyashike. Ukisikia joto linakuja, thamostati imefunguka.

Kisha tafuta tambarare ya kweli. Macho ya mtu wa Nairobi yameshazoea milima midogo, tunaita tambarare kitu ambacho mpira unabingirika wenyewe. Azima pima maji ya fundi wa mawe, iweke sakafuni kwa urefu na kwa upana.

Acha injini ikinguruma. Fungua mfuniko wa nyuma, kisha mfuniko wa shingo ya oili. Hapo injini itayumba na huenda hata ikataka kuzima. Usiogope. SC yako inatumia K-Jetronic, mfumo wa kupulizia injini petroli, ambao unapima hewa inayoingia, na shingo hiyo imeunganishwa na njia ya hewa. Ukifungua umeingiza hewa isiyopimwa. Kwa kweli gari ambayo HAIYUMBI ukifungua ndiyo ya kutilia shaka, maana yaelekea kuna mahali pengine panapovuta hewa tayari.

Chomoa dipstiki, pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha hadi mwisho, ngoja kidogo, chomoa. Rudia. Oili safi na moto ni nyepesi na ni vigumu kuiona, igeuze kwenye mwanga. Pande mbili zikitofautiana, amini upande wa chini, ule wa juu umepakwa na ukuta wa shingo.

Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban lita moja na nusu. Unapataka katikati, au juu kidogo ya katikati. Wenye gari hizi wengi hawaigusi alama ya juu kabisa, na mimi pia siigusi.

Z_wa_Thika · saa 5:48

Na ile sindano ya dashibodi inayolala sufuri? Mimi ningekuwa nimeshapaki kando na kuomba.

MamaSpana · saa 6:05 mchana

Hiyo ni kawaida yake. Kuna boya ndani ya tangi linalopeleka habari kwa sindano. Ukiwa kwa kasi, oili nyingi iko kazini ndani ya injini na kwa mabomba, tangi linapungua, sindano inaanguka. Ukisimama injini ikinguruma taratibu, tangi linajaa, sindano inapanda. Kwa hivyo inasema kweli katika hali ile ile ya dipstiki: moto, imesimama, inanguruma. Ukiwa barabarani isahau kabisa.

Sindano ya kuheshimu ukiwa mwendoni ni ya PRESHA. Oili ikiwa moto, tarajia karibu baa 5 kwa mizunguko 5,000. Ukisimama kwa taa inashuka sana na inaweza kukutia hofu, lakini mradi inapanda ukikanyaga, na taa ya onyo haijawaka, uko salama. Presha ikianguka ukiwa kasi, zima injini hapo hapo, hata kama uko Thika Road saa kumi na moja jioni.

MGB_ya_Parklands · saa 6:17

Nimesoma yote. Nakubali kuhusu tangi. Lakini kwa nini kujisumbua hivi? MGB yangu ina oili lita nne na kitu, dipstiki moja, kipimo kimoja, asubuhi na chai mkononi. Wajerumani walikuwa na tatizo gani?

MamaSpana · saa 6:29

Kona. Gari ikikata kona kwa nguvu, oili ya kwenye sampu inakimbilia upande mmoja, mdomo wa pampu unavuta hewa, beringi zinakauka. Tangi jembamba, lililosimama wima, halina nafasi ya kuyumbisha oili hivyo. La pili, injini haina beseni la oili chini, kwa hivyo inaweza kukaa chini zaidi kwenye gari. La tatu, hii injini haina maji. Oili inafanya sehemu kubwa ya kazi ya kupoza, ndiyo maana ni nyingi hivyo: SC inabeba kama lita 13 kwa jumla. Ukibadilisha oili inaingia kama 10, nyingine inabaki kwa mabomba, rejeta na pembe za injini. Fundi anayekuja na galoni moja ya lita tano kubadilisha oili ya 911, mpe chai umruhusu aende.

BabuSafari · saa 6:40

Na fundi anayemwaga 10 na kumimina 13 kwa sababu "kitabu kimesema 13", huyo usimpe hata chai.

MamaSpana · saa 6:44

Mzee umenena. Hiyo nimeiona zaidi ya ile ya dereva. Jaza 8 kwanza, pasha injini moto, pima, kisha ongeza nusu nusu lita, ukiendesha kidogo kati ya kila nyongeza.

KijanaWaLangata · Jumapili, saa 5:10 asubuhi

Wakuu, ripoti.

Nimetoka alfajiri, Lang'ata hadi juu ya Ngong na kurudi. Nimepima kwa sakafu ya maegesho ya ofisi yetu, nimeomba ruhusa kwa askari. Pima maji niliazima kwa fundi anayejenga jirani, na jambo la kuchekesha: mahali ninapopaki nyumbani kila siku pameinama kulia, sikuwahi kujua. Ofisini ni tambarare, povu likakaa katikati.

Injini inanguruma, nikafungua mfuniko, ikayumba kama Mama alivyosema. Askari akarudi hatua mbili. Nikapima mara tatu. Oili iko juu ya alama ya juu kwa karibu umbali sawa na ule uliopo kati ya alama mbili. Kwa hesabu yangu ni lita moja na nusu ya ziada juu ya "kujaa", na kama nataka katikati, ni lita mbili na robo hivi za kutoa.

Nikafungua pia sanduku la filta ya hewa. Filta imelowa oili, chini kuna kidimbwi.

Z_wa_Thika · saa 5:22

Hapo sasa. Fungua nati ya chini, mwaga lita mbili, funga. Dakika tano.

MamaSpana · saa 5:31

Z, umeshawahi kufungua nati ya tangi lenye lita nane za oili moto juu yake na kujaribu kusimamisha kwa lita mbili? Itatoka kwa nguvu, itafuata kiwiko chako hadi kwapani, na nati itaanguka ndani ya karai. Na nati ziko mbili: moja ya tangi, moja ya chini ya injini. Ukifungua ile ya injini baada ya gari kulala, utamwaga kiasi usichokijua.

Kijana, nyonya. Kuna pampu za mkono za kunyonyea oili na paipu nyembamba, zipo Kirinyaga Road, au sindano kubwa ya plastiki yenye mpira mrefu. Zima injini ikiwa moto, ngoja oili iache kuunguza lakini usiiache ilale, ingiza paipu kwa shingo ya kujazia, nyonya kwenye chombo chenye alama za lita. Toa lita MOJA kwanza. Endesha. Pima upya. Kisha nusu. Kisha pima. Hesabu yako ya lita mbili na robo yaweza kuwa sawa, lakini kurudisha oili uliyotoa kupita kiasi ni kazi ya kijinga, na chupa iliyokaa wazi inakusanya vumbi.

Safisha sanduku la filta kwa kitambaa, badilisha filta. Usiioshe na petroli ukairudisha, ni ya karatasi.

PampuMsaRoad · saa 5:40

Mama, na ule moshi wa asubuhi utaisha?

MamaSpana · saa 5:52

Utapungua, hautaisha wote. Silinda za 911 zimelala, tatu kushoto tatu kulia. Gari ikipaki siku nyingi, oili kidogo hupenya ringi na kuingia silinda, na ukiwasha unapata pumzi moja ya buluu. Hiyo haimsumbui mtu. Ule unaofuata gari hadi barabarani ndio ulikuwa wa kujaza kupita kiasi.

Z_wa_Thika · saa 6:10 mchana

Sawa, nimenyamaza kuhusu nati. Swali la oili yenyewe: 240Z yangu naipa 20W-50 (namba za unene wa oili) ya madini. 911 je? Kuna jamaa mmoja garaji ananiambia hizi oili za kisasa hazina zinki na zinakula kamshafti.

MamaSpana · saa 6:26

20W-50 inafaa kwa hali yetu. Hata Julai, asubuhi yetu si baridi ya Ulaya. Ya zinki, jamaa ana nusu ya ukweli. Viwango vipya vya API, taasisi ya petroli ya Marekani, vinaweka kikomo cha fosforasi, ambayo huja pamoja na zinki, ili kulinda kisafishaji cha moshi kwenye ekzosi. Lakini kikomo hicho ni cha oili nyepesi, 30 kushuka chini. 20W-50 haijafungwa nacho. Soma karatasi ya bidhaa, iko mtandaoni.

Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi hapa mjini ni oili ghushi. Chupa ni halisi, imeokotwa na kujazwa. Nunua kwa wakala, angalia muhuri wa kifuniko, na ukimaliza toboa chupa tupu kabla ya kuitupa. Chupa zako zinarudi kwako.

MGB_ya_Parklands · saa 7:02

Nimetoka sasa hivi kupima MGB kwa pima maji. Mahali pangu pameinama mbele. Miaka yote hii nimekuwa nikisoma kipimo cha mlima. Sitasema zaidi.

MtuWaProbox · saa 7:05

Probox iko tambarare popote.

KijanaWaLangata · Jumapili inayofuata, saa 10:15 alasiri

Nimemaliza jana na leo. Nilinyonya lita moja, nikazunguka hadi Rongai, nikapima: bado juu ya alama. Nusu nyingine, bado inagusa alama ya juu. Nusu tena, iko chini ya alama ya juu kwa robo ya nafasi. Nimeiacha hapo. Yaani zimetoka lita mbili, hesabu yangu ilikosea kwa kidogo tu. Sindano ya dashibodi, moto na ikinguruma, sasa inakaa kidogo juu ya katikati badala ya kugandamana na mwisho. Filta mpya imeingia. Leo nimewasha baada ya kulala usiku mmoja, moshi ulikuwa pumzi moja na ukaisha.

Mzee amesikia, amesema nimpeleke Ngong Racecourse siku ya Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, akaione ikiwa haitoi moshi. Dereva sijampata kwa simu.

Nina lita mbili za oili kwa galoni, si nyeusi sana. Nizifanyeje?

BabuSafari · saa 10:31

Hiyo oili chafu niwekee. Nina nguzo za ua huku Kitengela, mchwa wamezimaliza.

MamaSpana · saa 10:44

Babu, oili chafu inaua mchwa na udongo pamoja. Tumia dawa ya mbao. Kijana, kama ilinyonywa kwa paipu safi na galoni safi, funga vizuri, andika tarehe na aina. Sasa gari itakula kidogo kidogo kama 911 zote, na ikishuka karibu na alama ya chini utairudisha hiyo hiyo, nusu lita kwa wakati. Kama galoni lilikuwa na kitu kingine, peleka kwa wanaokusanya oili iliyotumika wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mtaroni hapana.

KijanaWaLangata · saa 10:50

Galoni lilikuwa la maji ya kunywa, nililikausha juani.

MamaSpana · saa 10:53

Ulilikausha siku ngapi? Tone moja la maji likibaki silitaki kwa injini hiyo. Mpe anayekusanya.

Z_wa_Thika · saa 11:20 jioni

Na kabla uzi haujafungwa: kuna mtu anajua zinapopatikana washa za shaba za nati za tangi la SC hapa mjini? Rafiki yangu ana moja, na yeye alifungua nati.